Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Msemaji wa Ajali za Mteremkoni

YAH: KUOMBA BREKI ZIACHE KULAUMIWA ZIKISHAKUFA

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kila lori la tela linapolala ubavu kwenye mteremko wa Kitonga, au kushuka ule wa Iwambi kule Mbeya bila kuaga, hutoka taarifa ambayo wananchi tumeikariri kama sala: chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva, baada ya breki kufeli. Taarifa hiyo ina faida nyingi. Ni fupi, haina gharama, na anayelaumiwa mara nyingi ameshafariki au amekimbilia porini, kwa hiyo hawezi kuita waandishi wa habari. Kasoro yake ni moja tu: haielezi chochote. Ni sawa na daktari kuandika kwamba marehemu alikufa kwa kukosa pumzi.

Breki za mteremkoni hazifi ghafla, hupikwa. Chukua gari la tani 56, ambao ndio uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Likishuka kwa mwendo usiobadilika, kila mita 100 za kimo huzaa joto la kutosha kuchemsha madumu manane ya maji ya lita ishirini ishirini. Joto hilo lazima liende mahali, na sehemu kubwa yake itamezwa ama na injini ama na dramu za breki. Injini ya dizeli ya zamani, kwa bahati mbaya, si mzuiaji hodari: ukitoa mguu kwenye mafuta huendelea kuvuta hewa tele, huishindilia, kisha hewa hiyo humrudishia pistoni nguvu yake kama springi. Ndiyo maana ikabuniwa egzosti breki, kile kilango kinachoziba njia ya moshi, na magari mapya yakaongezewa retada. Kwenye Scania 113 iliyochoka, kilango hicho huenda kimeganda au kiling'olewa siku nyingi. Kazi yote basi huziangukia dramu. Dramu ikichemka hutanuka ikaikimbia lainingi, lainingi nayo ikiungua huteleza, na dereva hukanyaga asipate kitu huku tela likimsukuma kwa nyuma. Hapo ndipo taarifa yako inapoanza, Mheshimiwa. Ajali yenyewe ilianza kileleni, pale gia ilipochaguliwa. Wazee wa kazi hii wana kanuni isiyohitaji semina: shuka na gia ileile ambayo ungepandia.

Na kabla ya kileleni palikuwa na mizani. Malori yatokayo Nyanda za Juu Kusini, yakiwa na mbao, viazi au shaba ya Zambia, hupimwa pale Wenda, Iringa, kabla hayajaufikia mteremko wa Kitonga. Ekseli kwa ekseli, kilo kwa kilo, na aliyezidisha hulipa. Nakubali, lami ni ghali na inastahili kulindwa. Lakini tazama kituko hiki: serikali inamsimamisha kila dereva, inajua kwa uhakika ana tani ngapi mgongoni, kisha inamruhusu aende bila kumuuliza kama ana breki za kuzishika tani hizo. Lami ina mizani na mashine za kisasa. Binadamu ana stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, inayobandikwa kwenye kioo, sehemu pekee ya gari ambayo haihusiki kabisa na kusimama.

Utasema, na utakuwa na haki nusu, kwamba madereva wenyewe huachia gari nyutro ili kuokoa mafuta. Wapo, na ni ujinga wa kuua. Cha ajabu hata hesabu yao haisimami vizuri: gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu hukata dizeli, ni nyutro inayodai mafuta ili injini isizime. Lakini ujinga huo umelelewa. Dereva anayepewa mafuta ya kupima na posho ya tripu, akaambiwa kinachobaki kwenye tenki ni chake na kinachopungua ni deni lake, amefundishwa kuuona mteremko kama kituo cha mafuta ya bure. Tajiri aliyepanga utaratibu huo hajawahi kutajwa kwenye taarifa, hata kwa herufi za mwanzo. Wengine watadai dawa ni kuyapiga marufuku magari makuukuu. Kuukuu lililokazwa breki na kushuka gia ndogo hufika salama; jipya likitiwa nyutro laweza kuporomoka vilevile. Na vitunguu vya Ilula havitabebwa na katalogi.

Jirani zetu Kenya wamejaribu dawa nyingine. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wakafa watu 36. Mabasi yakakatazwa kusafiri usiku. Tarehe 30 Juni 2023 lori lenye kontena likaacha njia pale Londiani jioni, usiku haujaingia, likaua zaidi ya watu 50, na mazungumzo yakahamia kwa wachuuzi wa kando ya barabara. Usiku umeshtakiwa, mama muuza mboga ameshtakiwa. Tunasubiri zamu ya mvua.

Ombi langu ni dogo. Hao askari wenye tochi waliojificha chini ya mlima, wanakopima kasi ya gari ambalo halisikii tena amri ya mtu yeyote, wapandisheni juu. Kila lori la tela lisimame kileleni dakika kumi: upepo wa breki usomwe, breki zikazwe, dramu za tela ziguswe, gia ichaguliwe. Mteremkoni lichongwe tawi la kokoto nene la kumpokea aliyeshindwa. Najua itasemwa mzigo wa nchi jirani utachelewa. Mheshimiwa, semitrela moja likilala katikati ya Kitonga, foleni hukaa saa ngapi?

Na kama stika ni lazima ziendelee, basi zibandikwe kwenye dramu. Lori likifika Ruaha Mbuyuni stika ingali inasomeka, dereva aruhusiwe kuendelea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi apitaye Kitonga