Shawa ya Mkwe

Mama mkwe alipoamua kushuka Mombasa kutoka Ol Kalou, habari haikuletwa kwangu. Ilikwenda kwa bintiye, nami nikapewa kipande: "Baba Neema, mama haogi maji baridi." Mtu na mkwewe hawazungumzii mambo ya bafu, kwa hivyo shauri zima la shawa likapita kwa mke wangu, kama posa.

Sisi wa Mishomoroni hita zetu za shawa hazifi kwa uzee, huuawa na maji. Ya mfereji yatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na huja kwa zamu anayoijua aliyeipanga. Yakikatika, ploti nzima huoga ya kisima, na visima vyetu, bahari ikiwa karibu hivi, vina chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai yake mgeni huiacha kwa adabu. Fundi alipoifungua hita kuukuu ya bafuni kwetu alikuta koili imelika hadi ikakatika, shaba imeota kijani, na ukoko mweupe umeganda kila pembe.

"Ami, hapa mlifungiwa ya maji matamu," akasema. "Koili yake iko uchi, na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri sana. Ilikuwa haiwapigi?"

Mpangaji aliyetutangulia alituachia kandambili za mpira nje ya mlango wa bafu. Siku hiyo ndipo nilipoelewa wema wake.

Basi tukatafuta ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imevishwa, na bei yake pia imevaa. Ni ya wati 5,500. Fundi akachungulia ukutani, akatikisa kichwa: kwa stima yetu ya volti 240 hiyo ni karibu ampea 23, na waya uliokuwamo ulikuwa wa taa. Ikahitajika waya wa milimita sita za mraba, breka yake peke yake, na waya wa kwenda ardhini, ambao nyumba ile haikuwahi kuujua. Plasta ikaanza kuchimbwa. Nikampigia mwenye nyumba tuchangie gharama. "Nyumba nimekupa na maji," akajibu, "moto ni wako."

Tulipoijaribu, taa ya mita ikapepesa kwa wasiwasi, na jioni hiyo hiyo tokeni zikaisha. Mtoto akanisomea tarakimu 20 za tokeni mpya gizani, huku nyingine akizibuni.

Mkwe akafika Julai. Kusi inavuma, sisi tumejifunga masweta, yeye anajipepea kwa leso. Alasiri akaingia kuoga, nami nikasimama karibu na mita kama niliye na kazi pale. Mita haikupepesa. Alipotoka alimwambia bintiye, kwa Kiswahili, ili nisikie: "Ambia bwana yako hiyo mashine ya nini? Maji ya huku inatoka kwa bomba ikiwa moto."

Tangi letu ni jeusi, liko juu ya paa, na hushinda juani.

Hita ipo ukutani, nzima, swichi imezimwa. Ukiwa Likoni au Changamwe na kisima chako kina chumvi, njoo uione kabla hujanunua mpya; bei tutaelewana. Ila waya wa sita siuzi, ushapigwa plasta.