Babu Ndani ya Boksi Jipya

Wauzaji wa modeli za plastiki hawasemi uongo. Wanaandika "mpya" juu ya boksi, na boksi kweli ni jipya, wino wake bado unanukia. Kilichomo ndani ni habari nyingine. Unafungua na kumkuta babu wa watu, kazaliwa miaka ya sabini, kavalishwa suti ya jana, na bei yake ni ya kijana.

Sababu ni ya kibiashara na wala siwalaumu. Hizi modeli za kukata vipande na kuunganisha kwa gundi, iwe ndege, kifaru au gari, hutolewa kwenye kalibu za chuma. Kuchonga kalibu ni gharama kubwa, lakini ikishachongwa hudumu miongo na miongo. Basi kampuni huitoa modeli, huipumzisha miaka kadhaa, kisha huirudisha sokoni na picha nyingine juu. Kalibu zenyewe hata huhama nyumba: Revell ya Ujerumani imeuza kwa jina lake mali iliyotoka kwenye kalibu za Monogram ya Marekani na za Matchbox ya Uingereza. Airfix angalau wana adabu. Wazee wao wamewatengea safu yao, Vintage Classics, kwa hiyo ukinunua unajua umemchukua nani.

Balaa huanza pale mzee na mjukuu wanapochangia jina. Tamiya walitoa Spitfire Mk. I ya kipimo cha 1/48 mwaka 1993, wakaichonga upya mwaka 2018. Airfix wana Spitfire ya 1/24 ya mwaka 1970 na nyingine ya mwaka 2022. Muulize muuzaji wa kawaida tofauti ni nini, atazishika zote mbili, atafikiri, kisha atakwambia, "Hii ina picha nzuri zaidi."

Na picha ndiyo ya kwanza kupuuzwa. Mchoraji alilipwa achore ndege, mawingu na moto; plastiki hakuiona. Mimi hutafuta picha ya fremu, vipande vikiwa bado vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani. Naanza na bawa. Mistari ya maungio ya bati ikiwa imeinuka, huyo ni mzee. Vijana yao imechimbwa. (Matchbox nao walichimba zamani hizo, ila walichimba mitaro kabisa, ungeweza kumwagilia mchicha.) Halafu natazama ndevu. Kalibu ikichakaa, plastiki huvuja pale pande mbili zinapokutana na kuacha utando mwembamba pembeni mwa kila kipande. Ndevu kidogo zinanyoleka kwa kisu. Kuna babu wengine ndevu zimejaa hadi huwezi kujua propela inaishia wapi.

Uzee peke yake si kosa, lakini. Ndege za zamani za Monogram za 1/48 mistari yake imeinuka, na bado umbo limekaa sawasawa na chumba cha rubani kimesheheni. Nikipewa mzee wa namna hiyo kwa bei ya kizee namchukua bila kusita.

Ila mgeuze kwanza umwone tumbo. Zamani modeli nyingi zilitakiwa kutembea, na vifaru vingi vya enzi hizo vya Tamiya vina matundu ya mota na swichi chini hadi leo. Kile kipimo cha 1/35 ambacho watu wazima wanakigombania kilitokana na kifaru Panther cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilichopewa ukubwa wa kutosha kumeza betri.

Mwaka jana nilitaka Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, ile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally ya mwaka 1971. Mtu aliyekulia Nairobi haulizwi kwa nini. Binamu yangu anaishi Leicester, akaniambia kuna duka karibu na kazini kwake lina boksi lake, "jipya kabisa." Nikamwomba aingie na simu, anipigie kwa video.

"Dada, soma ubavuni, kumeandikwa mwaka gani?"

Akasoma. Mwaka wa juzi tu.

"Huo ni wa boksi. Mwambie mzee afungue."

Boksi lilikuwa limevishwa nailoni. Mzee wa duka akasema hafungui. Nikamwambia binamu alitikise. Akalitikisa kwa nguvu za mtu anayetafuta sarafu kwenye kibubu cha mwanawe, na mzee akafungua haraka, nadhani kwa kuihurumia Datsun.

Nikaomba kuona matairi yamefungwa peke yake. Hili si urembo. Matairi laini yakilala miaka dhidi ya plastiki huitafuna, na usipoangalia utapata kioo cha mbele chenye alama ya tairi, ajali iliyotokea ndani ya boksi. Yalikuwa salama. Nikaomba kuona stika. Zilikuwa safi, nyeupe, za kisasa. Nikaanza kulegea.

"Sasa geuza chasi. Sogeza simu. Sogeza tena. Hapo!"

Gari lililoshinda Safari, lililopita tope na mawe ya nchi tatu, halikuwa na injini. Chini ya boneti palikuwa tupu, na katikati ya chasi, pamechongwa kwa ustadi mkubwa, palikuwa na nafasi ya betri mbili.

"Kaka," binamu akanong'ona, "mzee anauliza kama unanunua hiki kidude au Datsun yenyewe. Anasema waliowahi kununua ile ya kweli hawakuuliza hivi."

Nikamjibu amwambie ile ya kweli ilikuwa na injini.

Kukawa kimya upande wa Leicester. Nikasikia wanajadiliana, kisha mzee akacheka, kisha droo ya pesa ikafunguka. Binamu akarudi hewani: nimepunguziwa pauni sita, sababu ya betri. Yeye anakaribishwa dukani siku yoyote, simu ibaki nyumbani.