Maombi ya Mbulu na Hanang kwa Wagawa Nyota

Kwa: Wakaguzi wa Mwongozo wa Michelin, Ufaransa.

YAH: MAOMBI YA KUKAGULIWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya chakula. Sitaji ya harusi ipi, kwa sababu huku Mbulu na Hanang ukishaingia kamati moja umeingia zote: sendofu, kipaimara, jubilei ya padri, hadi mahafali ya chekechea. Tumesikia kuwa ninyi ndio mnaowaambia watu wa dunia hii waende wapi wakiwa na jambo lao la kuadhimisha. Mgahawa mkiutunuku nyota, wateja wanaweka nafasi miezi kabla, wanavaa suti, wanaletewa sahani kumi na mbili zenye chakula cha kujaza kiganja kimoja. Hatugombi. Kila mtu na sherehe yake. Tunachosema ni kwamba kwa vigezo mlivyoviandika wenyewe, Mbulu ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza.

Tuanze na asili yenu. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walikuwa na kiwanda cha matairi pale Clermont-Ferrand. Mwaka 1900, Ufaransa nzima ikiwa na magari yasiyofika 3,000, walichapa nakala 35,000 za kijitabu wakazigawa bure: mafuta yanapatikana wapi, fundi yuko wapi, pa kulala na pa kula ni wapi. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mtu akifunga safari kwenda kula, tairi linaisha, na likiisha anarudi dukani. Nyota zilikuja baadaye, mwaka 1926. Vitambaa vyeupe na glasi zenye shingo ndefu, vyote hivyo vimezaliwa na tairi kuisha.

Sasa, waheshimiwa, ni wapi tairi linaisha kuliko kwetu? Pandeni mlima Magara kutokea Mbuyu wa Mjerumani wakati wa masika. Au shikeni njia ya Karatu, Mbulu hadi Haydom, ambayo lami yake imeahidiwa kwenye kampeni nyingi kiasi kwamba ahadi zenyewe zingemwagwa barabarani zingeziba mashimo. Na tairi huku halifi. Likishakuwa kipara linakatwa makatambuga, na mfugaji wa Kidatoga anatembea nalo nyuma ya ng'ombe hadi mnadani. Nionyesheni mteja wa Paris anayeivaa kampuni yenu miguuni.

Mwaka 1936 mlifafanua maana ya nyota. Moja ni mgahawa mzuri katika daraja lake. Mbili, unastahili mtu achepuke njia yake. Tatu, unastahili safari yake maalumu. Hapo ndipo tulipopiga makofi. Hakuna anayechepuka njia akajikuta Mbulu mjini, kwa sababu Mbulu haiko njiani kwenda popote alikokuwa anakwenda. Kila anayekula ugali na maharage pale stendi amefunga safari maalumu. Mama lishe wetu wamekuwa na nyota tatu miaka yote, hawajapelekewa tu cheti.

Kuna kigezo kimoja kitatusumbua, nacho ni siri. Tunaambiwa mkaguzi wenu huweka nafasi kwa jina la bandia, hula kimya, hulipa bili yake na kuondoka bila kujulikana. Waheshimiwa, hilo huku haliwezekani. Mkaguzi akishuka kwenye basi Katesh, kule Hanang, waendesha bodaboda watatu watamuuliza anakwenda kwa nani. Hawamuulizi anakwenda wapi. Akitaja jina la uongo ataulizwa la baba, akitaja la baba ataulizwa ukoo, na kabla jua halijakaa kichwani atakuwa amepatikana mtu aliyesoma na shangazi yake. Halafu akishakula nyumbani kwa watu aombe bili! Hiyo ni kesi ya kuitisha wazee.

Mlo wenu wa sherehe una heshima zake, tunakiri. Novemba 2010 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu, tena kikao kilifanyika Nairobi, hapo kwa jirani. Iliandikwa kuwa ni mlo wa kuadhimisha kuzaliwa, harusi na mafanikio. Unafunguliwa kwa kinywaji, unafungwa kwa kinywaji, na katikati kuna vyakula visivyopungua vinne kwa mpangilio wake. Tuliposoma tukadhani mtu ameiba ratiba ya MC. Wazee wa Kiiraqw wakikaa kwenye pombe, slufay, dua yao ya kishairi, hutamkwa, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Yule mtaalamu wenu wa mvinyo, anayenusa kizibo, anaitikiwa na nani?

Na chakula kikuu kwetu ni ndafu. Mbuzi mzima aliyebanikwa taratibu, anaingia ukumbini juu ya sinia kwa muziki, wapishi wakicheza naye, mafuta yanang'aa shingoni, kotimiri mdomoni kama aliyekatishwa chakula chake katikati. Maharusi wanakata, wanalishana, wanawalisha wazazi wa pande mbili. Baada ya hapo kila kitu kinamtegemea mtu mmoja: yule anayesimama nyuma ya hotipoti la nyama ameshika upawa. Huyo hakuchaguliwa kwa kujua kupika. Alichaguliwa kwa sababu hana ndugu wengi. "Kimoja kimoja, wazazi, wa nyuma nao ni watu." Mnasema mnapima kama ubora haubadiliki, kwenye menyu yote na ziara hadi ziara. Watu mia nne, kipande kimoja kimoja, na mwenyekiti wa kamati mwenyewe akanyimwa cha pili. Pimeni hilo.

Tumesikia pia kwamba kabla ya vitamutamu mhudumu wenu hupita na kibao chembamba cha fedha akikwangua chembe za mkate mezani. Kwetu kazi hiyo wanaifanya kuku, bila mshahara wala bahashishi. Lakini kwenye mkate naomba tukae kidogo, maana mhudumu huyohuyo hupenda kusimulia asili ya kila kitu: bata katoka bonde gani, siagi ya nani. Sisi nasi tunaweza kusimulia. Mkate wa ngano ya Hanang asili yake ni uwanda wa Basotu, yalipokuwa malisho ya wafugaji wa Kibarbaig. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, yalimega kiasi cha ekari 100,000 za uwanda huo. Njia za ng'ombe zilifungwa, makaburi ya wazee yakapitiwa na trekta, na waliorudi na mifugo yao wakaitwa wavamizi. Mhudumu asimulie hiyo yote kwa sauti ileile laini, kisha amuulize mgeni kama angependa siagi zaidi.

Kitunguu saumu je? Hicho kinachonukia kwenye sosi zenu, sisi tunalima Bashay, na mkulima anakiuza kwa lumbesa: gunia limejaa, limeongezewa kilemba juu, limeshonwa kwa kamba, na bei ni ya gunia moja. Serikali imepiga marufuku, kilemba bado kinapanda. Sahani yenu ndiyo kinyume kamili cha lumbesa, eneo kubwa na mzigo mdogo, bei ya shamba zima. Tungependa siku moja mnunuzi wa vitunguu na mpishi wenu wabadilishane kazi kwa msimu mmoja.

Tunawaahidi pia amani. Mwaka 2019 mpishi Marc Veyrat aliwapeleka mahakamani baada ya kuvuliwa nyota ya tatu, akidai mkaguzi wenu alidhani kuna jibini ya Kiingereza kwenye sufle yake. Akashindwa. Sisi mahakama tunaziachia kesi za mipaka ya mashamba. Mkitunyima nyota tutawasema tu, vikao vitatu hivi, basi.

Mkikubali, njooni baada ya mavuno, ndipo harusi zinapofuatana kila Jumamosi. Michango inapokelewa kwa mweka hazina, kadi zipo za singo na za dabo. Mkija wawili chukueni dabo, ni nafuu. Mstari wa jina kwenye kadi msiuache wazi wala msiweke la bandia. Wakati wa zawadi MC atalisoma kwenye kipaza sauti, na ukishatajwa unacheza kutoka mlangoni hadi meza kuu.

Naomba kuwasilisha.

Mjumbe, Kamati ya Chakula

Nakala: MC, aanze kujizoeza kutamka majina.