Sebule Moja, Filamu Tatu

(Stoo ya vifaa vya maigizo, Dar es Salaam, usiku. Sofa bado amevaa nailoni ya dukani. Kigoda ana ufa. Panya ameshatafuna kabati zima la riwaya.)

SOFA: Shikamoo, mzee Kigoda.

KIGODA: Marahaba, mwanangu. Za kazi?

SOFA: Filamu tatu wiki hii! Jumatatu nilikuwa kwa waziri, Jumatano kwa mganga, jana kwa mjane fukara.

KIGODA: Fukara, na nailoni hiyo?

SOFA: Nikichafuka, mwenye duka anadai. Kwani mandhari si pambo tu, mzee?

PANYA: Pambo? Dada, Rosa Mistika ya Kezilahabi nimeila kuanzia jalada. Ukerewe ni kisiwa. Rosa akiwa kwao, fimbo ya baba yake, Zakaria, iko mlangoni. Barua ya mvulana tu, kipigo. Akishaenda kusoma mbali, fimbo haimfikii, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Sasa ihamishie sebuleni kwako, tuone kama riwaya itabaki.

SOFA: Mwandishi halipii nauli ya kisiwa.

KIGODA: Hata jukwaani hatulipi. Tulipocheza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzee wa watu alikwenda zake mtoni Rufiji. Maji hakuna, tope hakuna. Wanakijiji wakakodoa macho upande mmoja, mama mmoja akapiga yowe, basi! Ukumbi mzima ukauona mto. Gharama yake yowe moja.

SOFA: Filamu inataka macho, mzee.

KIGODA: Haya, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021. Yasmin kamkimbia mume mzee, Denge anapambana na Waingereza, na vichochoro vya Unguja ndivyo vinavyowasitiri. Wangejificha nyuma yako, askari wangewakamata dakika ya tano.

SOFA (amenuna): Na sisi nje tunapiga picha! Gari linapiga honi getini, mlinzi anakimbia kufungua, dakika nzima.

PANYA: Halafu?

SOFA: Halafu wanaingia sebuleni.

(Mlango unafunguliwa. Vijana wawili wanamwinua Sofa.)

KIGODA: Wapi tena usiku huu?

SOFA: Filamu ya mvuvi.

PANYA: Ufukweni! Jihadhari na chumvi, dada.

SOFA: Chumvi ya wapi? Bahari iko kwenye kalenda, ukutani.