Traki Mbili, Tani Ngapi?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika kwenye kundi la ukoo. Nilitaka tu kueleza kwa nini mchango wangu wa harusi ya binamu utachelewa wiki mbili. Nikaandika: "Ndugu zangu, mniwie radhi, mwezi huu nimebanwa, nimenunua traki." Nikatia simu mfukoni, nikapanda treni. Niliposhuka Tempelhof, hapa Berlin, nilikuta ujumbe 63. Shangazi alikuwa amemimina dua ndefu, na katikati yake ametaja kwa upole kwamba ana matofali yake yamekaa Muheza tangu mwaka jana, hayana wa kuyabeba. Binamu mwenye harusi alisema ananielewa kabisa, kila biashara mwanzo wake ni mgumu. Na mjomba wangu wa Tanga, aliyemaliza ujana wake barabara ya Dar mpaka Tunduma, kwanza utingo halafu dereva, leo ana gereji yake, aliuliza neno moja tu: "Tani ngapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Lakini hebu jaribu wewe kuwaambia watu 48, miongoni mwao mama yako mzazi, kwamba ukiwa na miaka 41, mke na watoto wawili, umenunua vyuma vya kufunga chini ya ubao wa kuchezea. Nikajibu: "Ndogo tu, mjomba."

"Hata ndogo ni gari," akasema. "Hongera."

Sasa niwaeleze ninyi nilichoshindwa kukieleza kule. Longibodi ni ubao mrefu wa kusimamia, wa kwangu una mita moja hivi, wenye magurudumu manne. Magurudumu hayafungwi kwenye ubao wenyewe. Yanashikwa na vyuma viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na hivyo vyuma ndivyo huitwa traki. Kila kimoja kina ekseli yake, kina bolti nene katikati iitwayo kingipini, na kwenye hiyo bolti kuna bushi mbili laini zinazofanana na peremende za mpira. Ukiegemea kulia, bushi zinaminyika, ekseli inageuka, ubao unakwenda kulia. Usukani hakuna. Usukani ni kiuno chako, na kiuno changu tangu nihamie Berlin kimekuwa cha kukaa.

Tatizo lilianzia Tempelhof. Ule ulikuwa uwanja wa ndege. Waliufunga mwaka 2008, mwaka 2010 wakaufungua watu watembee, na mwaka 2014 wenyeji wakapiga kura usijengwe nyumba. Kwa hiyo katikati ya jiji kuna njia mbili za kurukia ndege, kila moja karibu kilomita mbili, lami pana kama hotuba ya mgeni rasmi, na juu yake hakuna ndege, kuna watu na baiskeli na tiara. Jumapili moja nimekaa kwenye majani na wanangu, akapita mzee wa mvi kabisa juu ya longibodi, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika kikombe cha kahawa. Anakata kushoto, anakata kulia, kahawa haimwagiki. Alikuwa na amani ambayo mimi sijawahi kuwa nayo hata nikiwa nimelala.

Nikajiambia, hili mbona naliweza. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Tulikuwa na vigari vyetu vya mbao, magurudumu yake ni beringi chakavu tulizoomba gereji kwa mjomba huyu huyu, ekseli ya mbele tumeipigilia msumari mmoja katikati, tunaigeuza kwa miguu. Tukiteremka, kelele zake zilisikika mpaka sokoni. Breki ilikuwa soli ya kandambili, na kandambili ikiisha, kisigino.

Ubao niliupata kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama. Bei ilikuwa nzuri mno, na nilipoupindua nikajua kwa nini: chini mtupu. Hakukuwa na traki wala gurudumu, matundu tu. Kama kununua godoro halafu ukumbuke kwamba huna kitanda.

Traki za kwanza niliagiza mtandaoni kwa kigezo kimoja, bei. Zilikuwa nyembamba, za zile skeitibodi fupi wanazorukia vijana kwenye ngazi. Nikazitia magurudumu ya milimita 70, makubwa na laini, kwa sababu ndiyo yalikuwa kwenye picha ya yule mzee kichwani mwangu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda vizuri mita thelathini. Nikaegemea kulia ili nikate kona kwa madaha. Gurudumu likapanda, likagusa tumbo la ubao, likakwama. Ubao ukasimama palepale. Mimi sikuambiwa. Niliendelea na safari peke yangu, mikono mbele, mpaka lami iliponipokea. Mtoto mmoja wa miaka kama sita alinizunguka na skuta yake, akaniangalia, akamwambia mama yake kwa Kijerumani safi kwamba kuna bwana amelala.

Nikaenda dukani, kwa watu wa kazi hiyo. Nilihudumiwa na kijana mwenye hereni, mpole, aliyeangalia zile traki zangu nyembamba jinsi daktari anavyoangalia dawa uliyopewa na jirani. Akanieleza kwamba upana wa traki ufuate upana wa ubao, na kwa ubao wangu nichukue za milimita 180. Akaeleza habari ya nyuzi: kitako cha traki cha nyuzi 50 hugeuka upesi, kinafaa kukatia kona barabara tambarare, cha nyuzi 44 kina utulivu zaidi kwenye mteremko. Akaeleza kwamba kuna traki ambazo kingipini zake hutazamana, hizo ndizo nilizokuwa nazo, na kuna nyingine ambazo kingipini hupeana mgongo, na watu wengi wa longibodi hutumia hizo. Nikazielewa haraka. Za kwanza ni wachumba, za pili ni mume na mke walionuniana.

Halafu akauliza, kalamu mkononi, "Uzito wako?"

Nikasema, "Themanini na mbili."

Asubuhi ile ile mizani ya bafuni ilikuwa imeniambia 97. Sijui kwa nini nilidanganya. Hakukuwa na mtu mwingine dukani, na yule kijana sikuwa na mpango wa kumwoa. Nadhani mtu akikuuliza uzito kwa lugha ya kigeni, unajibu uzito uliokuwa nao ulipoanza kujifunza lugha hiyo. Akaandika 82, akafungua droo, akanichagulia bushi. Bushi zina namba ya ugumu yenye herufi A mwishoni: 78A ni laini, 90A na kuendelea ni ngumu, na kadiri mtu anavyokuwa mzito ndivyo anavyohitaji ngumu. Zangu zilitoka 83A. Bushi nzuri sana, kwa mtu yule niliyemtaja.

Nyumbani nikafunga mwenyewe. Bolti nne mbele, nne nyuma, spana ya kuazima. Kesho yake Tempelhof ubao ulikuwa na tabia ambayo sijawahi kuiona kwenye chombo chochote cha usafiri. Nikiegemea kulia haugeuki. Unakwenda kulia huku pua yake bado inatazama mbele, mshazari, kama kaa wa Mtwapa. Nilivuka njia nzima ya ndege upande upande, nikiwaomba radhi watu wa baiskeli, mpaka nikafika kwenye majani ambako sikuwa ninakwenda. Nilipoupindua ubao nikaona: traki ya nyuma nimeifunga kinyume. Ya mbele imenuna, imegeuza mgongo. Ya nyuma inaitazama, inaomba msamaha. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa zinageuka upande mmoja, na ubao ukafuata.

Nikarekebisha, na kwa wiki tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Sikupata ile kahawa mkononi, lakini nilifika mahali pa kuweza kuitikia salamu bila kuanguka. Hapo ndipo kiburi kiliponipandisha mlimani.

Magharibi ya Berlin kuna kilima kiitwacho Teufelsberg, kama mita 120 juu ya usawa wa bahari. Si cha Mungu, ni cha kifusi. Baada ya vita vya pili vya dunia nyumba zilizobomolewa kwa mabomu zilibebwa kwa malori, zikamwagwa pale, miaka na miaka mpaka 1972, leo ni msitu na barabara ya kupanda. Mama alinipigia Ijumaa jioni.

"Kesho uko wapi, mwanangu?"

"Nakwenda Teufelsberg, mama."

"Ndiyo wapi huko?"

Ningeweza kuacha. Lakini mimi hufundisha Kiswahili jioni, na tafsiri hunitoka kabla sijaizuia. "Mlima wa Shetani."

"Kufanya nini?"

"Kujaribu traki."

Akakata simu. Baadaye nilijua alikwenda moja kwa moja kwa jirani, na kwamba ilisomwa Yasini.

Ilihitajika. Mita hamsini za kwanza za mteremko zilikuwa tamu. Kisha upepo ukaanza kulia masikioni, na ubao ukaanza kutikisika chini ya miguu: kushoto kulia, kushoto kulia, kidogo kidogo, halafu sana, halafu kama mtu anayekataa habari mbaya. Nikafanya kile ambacho mwili wenye akili timamu hufanya, nikajirudisha nyuma niukimbie mwendo. Ukazidi. Sikumbuki nilivyotoka juu yake. Nakumbuka majani, aina ya yale yanayowasha kama upupu, na nakumbuka kofia ya baiskeli ya mke wangu, ya zambarau, ikibingirika barabarani kichwa kikiwa hakimo. Kichwa kilikuwa salama, asanteni. Kiwiko hakikuwa na ngozi.

Mjomba alipiga jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimesikia umepata ajali na traki."

"Ndiyo, mjomba."

"Kuna aliyekufa?"

"Hapana."

"Mzigo?"

"Umechubuka."

"Ilianzaje?"

"Kwenye mteremko. Ilianza kucheza, kushoto kulia, ikazidi."

"Ulishika breki?"

"Haina breki."

Kimya. Nilisikia jenereta ya gereji yake kwa nyuma.

"Traki haina breki," akasema taratibu, "na umeipeleka Mlima wa Shetani."

"Ndiyo."

"Kingipini?"

"Mpya."

"Beringi?"

"Mpya."

"Bushi?"

"Mpya, mjomba, ila laini."

"Eeh. Na mzigo ulikaa wapi, mbele au nyuma?"

Nikafikiri. "Ulianza katikati. Ilipoanza kucheza ukarudi nyuma."

"Hapo hapo!" Alifurahi, nikamwona kabisa amesimama. "Trela likielemewa nyuma linapunga mkia, mwanangu. Nimeliona kwa macho yangu Kitonga. Mzigo uje mbele, ulale juu ya ekseli ya mbele, trela litanyooka. Na bushi laini na mzigo mzito haviendi pamoja. Aliyekuuzia ulimwambia utabeba nini?"

"Themanini na mbili."

"Ukapakia?"

Nilinyamaza. Kisha nikasema, "Tisini na saba."

"Tani tisini na saba!" Simu ilitetemeka. "Mwisho wa Afrika Mashariki nzima, gari na mzigo wake, ni tani 56! Mizani walikupitishaje? Huko Ujerumani hakuna mizani?"

"Ipo, mjomba. Bafuni."

"Nini?"

"Kilo, mjomba. Si tani. Kilo tisini na saba."

Jenereta ikaendelea kunguruma. Nilimsikia anapiga hesabu.

"Kilo tisini na saba," akasema. "Huo si uzito wako wewe?"

Nikamwambia yote. Ubao, magurudumu, yule mzee na kahawa yake, mtoto wa skuta, kaa. Nilitegemea acheke na hakucheka. Aliuliza ekseli ina unene gani, nikamwambia milimita nane. Aliuliza zile bushi zinakaa juu na chini au upande mmoja. Aliuliza traki nzima ina uzito gani, nikasema nusu kilo hivi, akasema "lahaula" kwa sauti ya mtu anayeonyeshwa kitoto kichanga. Mwisho akasema: "Rudi dukani. Sema uzito wako. Chukua bushi ngumu. Na ukiogopa, ogopa ukielekea mbele."

Nilirudi. Yule kijana wa hereni alifuta 82, akaandika 97, hakunyanyua hata uso. Bushi za 93A, yuro kumi na kitu. Nikazitia, nikapanda tena Teufelsberg, safari hii kutoka nusu ya mlima. Ulipoanza mtikisiko nikaelemea mguu wa mbele kama nilivyoelekezwa na dereva wa Tunduma, na ubao ukatulia chini yangu, ukateremka kimya mpaka chini. Nilikuwa peke yangu. Nikapiga kelele za Kilushoto.

Kwenye kundi la ukoo mjomba alinihifadhi. Aliandika tu kwamba traki za kijana wetu ni za majaribio, hazijaanza kazi, tusimsumbue. Shangazi bado ananitumia picha za matofali.

Zile traki nyembamba za kwanza nilimpa mtu aliyekuwa anakwenda harusini, pamoja na mchango wangu, amfikishie mjomba. Wiki iliyopita alinitumia picha. Gereji yake, Fuso limenyanyuliwa jeki, na chini yake anaonekana mtu amelala chali juu ya ubao wenye magurudumu manne, ameingia mpaka kifuani. Ila miguu haijanyooka na gari. Imekwenda mshazari, goti limegonga tairi, na mafundi wawili wameshika matumbo kwa kicheko. Chini ya picha mjomba ameandika: "Zimefika. Bushi laini."