Kidonge Kisicho na Uchungu

Watunzi wa hadithi za kisayansi wanajisumbua bure kubuni dawa ya kufuta kumbukumbu. Wangeuliza London, wangepewa: imejaribiwa miaka mingi na haijamdhuru mtoaji.

Januari 1908 Otenyo, shujaa wa Abagusii wa magharibi mwa Kenya, alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, afisa wa kikoloni aliyekuwa akiswaga ng'ombe walionyang'anywa Abagusii. Wanajeshi wakaletwa, nyumba zikachomwa, watu wakauawa hata Churchill, wakati huo akiwa Wizara ya Makoloni na asiyesifika kwa machozi mepesi, akanung'unika. Dozi moja tu, na kufikia 1937 Northcote ni gavana wa Hong Kong.

Otenyo aliuawa. Kichwa chake, wasimulia wazee wa Kisii na Nyamira, kilipelekwa Uingereza. Uungwana huo! Mgeni asiondoke mikono mitupu. Makumbusho ya London yana vipepeo wa Afrika wenye lebo za mahali na tarehe waliponaswa. Kichwa cha mtu, ah, hicho huponyoka rejista.

Mafaili ya Kenya yaliyohamishwa wakati wa uhuru nayo yalisinzia Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, kwa adabu hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya Uingereza ilipoyagutusha 2011.

Wakaidi ni hao wazee wa Gusii, ambao bado wanamtaja Moraa, nabii aliyemchochea Otenyo. Huenda mzigo wao wa vidonge umekwama forodhani.