Hela Iko Njiani, Wimbo Pia

Jamani, nani aliwadanganya watu kwamba nyimbo zinataka utulivu? Namtafuta. Kila nikisema pale gengeni kwamba nataka kutunga wimbo, kila mtu ananipa ushauri, na wote wananipeleka porini. Nenda mlimani. Kaa kando ya maji. Fumba macho, wimbo utakuja wenyewe. Sasa huku kwetu Ushetu maji yenyewe ni lambo la kunyweshea mifugo. Ukikaa pale ukafumba macho, wimbo hauji. Wanakuja ng'ombe. Halafu mchungaji, mtoto mdogo tu, anakuuliza: "Shikamoo babu, unaumwa?" Babu! Hata mjukuu sina.

Na msidhani napenda sanaa sana. Nimeona hela. Kwenye harusi mwimbaji anataja jina la mtu mara mbili tu, mtu anainuka na noti, anambandika kwenye paji la uso. Mimi nalima tumbaku miaka yote hii, paji langu linabandikwa nzi.

Nikaanza na mapenzi, maana redioni ni mapenzi kutwa. Nikaandika bahari. Nikaandika mawimbi, upepo wa pwani, na mrembo mmoja nikampa jina Samira, kwa sababu linaimbika. Bahari yenyewe nimeiona kwenye kalenda. Mama watoto akaliokota daftari. Akasoma taratibu mpaka mwisho, kidole juu ya mstari. Wala hakuuliza habari ya vina. Aliuliza Samira anakaa kitongoji gani. Wiki ile nilijipikia ugali mwenyewe, na ulikuwa mbichi.

Kuna mzee jirani, alikuwa mcheza ngoma enzi zake, akanionea huruma. "Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "wewe unaimba habari za nani?" Nikamwambia za Samira. Akatema mate pembeni. Akanipa somo la Bagika na Bagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, na upinzani wao ni wa tangu karne ya 19. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936 ni watoto wadogo kwao. Mavuno yakiisha, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja na yanapiga kwa wakati mmoja. Umati ukihamia kwa mwenzako, umeshindwa, beba ngoma zako nenda nyumbani.

Sasa hapo manju, kiongozi wa ngoma, atamshika mtu kwa Samira? Lazima awe na jambo jipya, jambo la pale pale. Nani kakimbia deni. Nani kajisifu halafu jembe likamshinda. Jina la mpinzani analijua, la mama yake analijua, na aibu yake anaijua. Watu wanabaki kwake kwa sababu wanataka kusikia kesho atatajwa nani.

Mzee akaomba nimwimbie kiitikio changu. Nikaimba. Kilikuwa kirefu, kina bahari, kina nyota, kina moyo mara tatu. Akaniuliza kama nimewahi kuona bugobogobo, ngoma ya majembe. Nikasema nimeona. Akasema basi chukua jembe ulime huku unaimba hicho chako. Nikalima. Sikufika kwenye nyota. Nilikohoa hadi kuku wakakimbia. "Kiitikio," akasema, "ni cha mtu mwenye kazi mkononi. Pumzi moja tu. Kikizidi hapo, kakisomee kanisani."

Mwalimu mmoja wa hapa naye hakutaka kupitwa. Akanitolea habari za Siti binti Saad wa Zanzibar. Mama huyo alianza kwa kutembeza vyungu mitaani, ananadi kwa sauti, na mwaka 1928 akafika hadi Bombay kurekodi santuri. Nyimbo zake zilibeba habari za mjini, mpaka za mahakamani. Ule wa Kijiti unahusu mauaji yaliyotokea kweli. Mauaji! Na mimi hapa nahangaika na mawimbi.

Haya, nikakubali. Wimbo uko kwenye kazi na kwenye midomo ya watu. Lakini kazi yangu mimi ni bani, banda la kukaushia tumbaku. Tumbaku ya mvuke haitaki mchezo. Kwanza moto mdogo, majani yageuke njano. Halafu unapandisha pole pole mpaka jani likauke, na mwisho ule uti wake wa katikati. Ukisinzia moto ukashuka, umeharibu. Ukizidisha, umeunguza msimu mzima. Kwa hiyo karibu wiki nzima unalala nje, unachochea kuni, unachungulia kipimajoto kwa tochi ya simu. Watu wengine wanapata mzuka usiku. Mimi napata moshi.

Usiku mmoja pale banini nikawa naimba peke yangu kuzuia usingizi. Mara tochi usoni. Sungusungu. Si mnajua wenyewe, ulinzi huu wa wanakijiji ulizaliwa huku huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Wanaume wanne na marungu.

"Unaongea na nani?"

"Natunga wimbo."

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema kama ni kweli niuimbe. Nikaimba, mikono juu. Nikaimba jinsi marobota yalivyopakiwa kwenye lori, jinsi nilivyoambiwa nisubiri malipo, jinsi ninavyokopa sukari, beti juu ya beti. Kimya. Halafu kijana mmoja, hata ndevu hazijaota, akasema: "Mzee, fupisha. Uliza tu, hela ya tumbaku? Sisi tutajibu."

"Hela ya tumbaku?"

"Iko njiani!"

Yule mkubwa akacheka hadi rungu likamponyoka. Wakaniimbisha mpaka majogoo. Asubuhi wimbo ulikuwa umefika kijiji cha pili, mimi bado naosha uso.

Sasa ndiyo balaa. Nikipita shuleni, watoto: "Iko njiani!" Nikienda gengeni kudai chenji yangu, muuzaji: "Iko njiani!" Nimemuuliza mke wangu chai, nyumbani kwangu mwenyewe, ameniimbia. Kwenye harusi moja mwimbaji ameupiga, amebandikwa noti paji zima, na mimi nilikuwa pale pale, nimebeba masufuria. Nikamfuata, nikamwambia huo wimbo ni wangu. Mnajua alinijibu nini kuhusu mgao.

Mwalimu anasema niende COSOTA, kwenye hakimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yaani kwa mwendo wa malipo ninaoujua mimi, nitaanza kubandikwa noti nikiwa kaburini. Ila kuna swali: mtunzi ni nani? Swali nimeuliza mimi, jibu ni la yule mtoto asiye na ndevu. Naye ameanza kunisalimia kwa kujiamini sana.

Basi wewe unayetaka kutunga, achana na mlima. Kaa bombani wanapogombania foleni ya ndoo, kaa kilabuni, kaa popote watu wanapodaiana. Shika jambo moja, usibebe matano. Anza na kiitikio, na kikate hadi mtu mwenye jembe akimudu. Mstari ukikujia, rekodi kwenye simu dakika ile ile, maana asubuhi hutaukumbuka. Waimbie watu walio kazini. Wakiitikia bila kuombwa, una wimbo. Wakikuambia ni mzuri sana halafu wakanyamaza, huna.

Na kabla hujawaimbia, kausajili kwanza.